Programu ya Bure Siku Inapobadilishiwa Masharti

Ingia steshenari yoyote iliyo karibu na chuo, omba ufunguliwe faili lililobanwa ulilotumiwa na mwalimu, na huenda ukaona dirisha la WinRAR likikumbusha kwamba siku 40 za majaribio zimepita na leseni inatakiwa kununuliwa. Kijana wa kaunta analifunga bila kulisoma. Faili linafunguka, kurasa zinachapwa, unalipa na kuondoka. Miaka nenda rudi dirisha hilo linafungwa hivyo na programu haigomi. Kwa mwenye duka, hiyo ni programu ya bure. Kwa mujibu wa mkataba wake, siyo.

Wengi wetu tunagawa programu mafungu mawili, za kulipia na za bure, basi. Mgawanyo huo unatazama bei, na bei ndiyo sehemu ya leseni inayobadilika kirahisi kuliko nyingine. Kwangu swali zito zaidi ni hili: nani ana uwezo wa kubadilisha masharti ukiwa umeshaizoea programu, na siku akiyabadilisha unabaki na nini mkononi?

Mwaka 1982 Mmarekani Andrew Fluegelman alisambaza PC-Talk, programu ya kuwasilianisha kompyuta kwa njia ya simu. Aliruhusu watu wapeane nakala zake, akamwomba aliyeipenda amtumie dola 25. Aliiita Freeware na kulisajili jina hilo kama alama yake ya biashara, ndiyo maana wenzake waliofuata mtindo ule wakauita sheawea. Kwa maneno mengine, friwea ya kwanza ilikuwa inaomba hela. Leo friwea ni programu unayopewa bila malipo huku msimbo wake, yaani maandishi ya mwandaaji yanayoiongoza programu, ukibaki umefungwa: huwezi kukagua ndani kuna nini, huruhusiwi kuibadilisha, na mara nyingi hata kuigawa kunahitaji ruhusa. WinRAR iko upande wa sheawea, onja kwanza kisha ulipe. Kundi la programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi, lilitokana na mradi wa GNU uliotangazwa na mwandaaji programu Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Leseni ya GPL ya 1989 inakuruhusu kutumia msimbo kwa kazi yoyote, kuubadilisha na kuugawa, ila ukigawa ulichobadilisha lazima nawe utoe msimbo wake chini ya leseni ile ile. Leseni nyingine huria, za MIT na BSD, hazidai hata hilo.

Friwea ina utetezi wake, tena wa haki. Mtu mwenye kompyuta tatu za kuchapia barua na CV hana haja ya msimbo; anataka kitu kinachofunguka asubuhi wateja wakiwa kwenye foleni. Na mtoaji si lazima awe na hila. Adobe wanatoa Reader bure kwa sababu PDF zikisomeka kila mahali, zana zao za kutengeneza PDF zinauzika. Hapo masilahi ya mtoaji na ya mpokeaji yanakwenda pamoja, na mpokeaji anayaona.

Shida inaanza pale masilahi ya mtoaji yasipoonekana. Avast ilijulikana dunia nzima kwa kizuia virusi cha bure. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza kumbukumbu za kurasa ambazo watumiaji walizitembelea mtandaoni. Jumpshot ikafungwa mwaka huo huo. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Programu iliyowekwa imlinde mtu dhidi ya wanaomchungulia ilikuwa inamchungulia. Hakuna mtumiaji wa kawaida angeligundua hilo kwa kusoma msimbo, kwa sababu hakupewa. Lakini tuseme kweli: hata angepewa, angeusoma lini? Faida ya msimbo ulio wazi ni kwamba mtu mwingine, asiyelipwa na kampuni, anaweza kuusoma kwa niaba yako. Hiyo si dhamana.

Halafu kuna kifungu kidogo ambacho wengi tunakiruka: bure kwa matumizi binafsi. TeamViewer ni mfano ulio karibu na mafundi wetu. Fundi aliyeko Dar akiingia kwenye kompyuta ya mama yake Tanga kurekebisha printa, yuko ndani ya masharti. Akimfanyia mteja anayemlipa kazi hiyo hiyo, yuko nje, na mfumo ukimshuku unaweza kumkatia mawasiliano kazi ikiwa katikati. Programu ni moja, mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni malipo tu.

Kesi inayonishawishi kuliko zote ni ya Java, lugha ya kuandikia programu pamoja na mfumo wa kuziendesha, kwa sababu kitu kimoja kilikuwepo chini ya leseni mbili. Kwa miaka mingi ofisi zilipakua Java ya kampuni ya Oracle bila kulipa. Mwaka 2019 masasisho ya Java 8 kwa matumizi ya biashara yakawa ya kulipia. Matoleo kuanzia la 17 yalirudishiwa ubure kwa muda maalumu, lakini Januari 2023 ada ya mkataba mpya ikaanza kuhesabiwa kwa idadi ya waajiriwa wote wa kampuni, hata asiyegusa Java. Bei iliyotangazwa kwa kampuni ndogo ilikuwa dola 15 kwa kichwa kwa mwezi. Kiwanda chenye waajiriwa 100 kinafika dola 18,000 kwa mwaka, mlinzi wa getini akiwemo kwenye hesabu. Hata hivyo kiwanda hicho hakikuwa na ulazima wa kulipa. Msimbo wa OpenJDK, Java iliyo huria, uko chini ya GPL, na wengine, kama Amazon kwa Corretto yake, wanautoa ukiwa tayari kutumika bila malipo. Aliyejua kilichoandikwa kwenye leseni alihama. Asiyejua alipokea ankara.

Uwezo huo wa kuhama ndio kiini cha programu huria. Oracle ilipoinunua Sun Microsystems mwaka 2010 ilirithi pia OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, na waliokuwa wakiiandika wakaingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka huo walichukua msimbo, wakaanzisha LibreOffice na kuendelea na kazi. Hawakuhitaji kumwomba mtu. Sisi wenyewe tulishaonja uhuru huo kabla yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilileta Kiswahili kwenye Office na Windows, na ilifanya vizuri, ila uamuzi wa kuleta au kutoleta ulikuwa wake.

Nisije nikaonekana mpiga debe. Programu huria nazo zina madoa. Mwaka 2014 kasoro ya Heartbleed iligundulika ndani ya OpenSSL, msimbo wa pamoja unaotumiwa na programu nyingine, ambao ulilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia huku ikitunzwa na watu wachache mno wenye fedha kiduchu. Makampuni tajiri yaliitumia kwa miaka bila kuuliza anayeitengeneza anakula nini. Wala leseni huria haifungi mlango wa mabadiliko: Redis, programu ya kuhifadhi data, ilitoka kwenye leseni ya BSD Machi 2024, na kampuni ya HashiCorp iliwahi kufanya uamuzi wa aina hiyo kwa Terraform, zana yake ya kusimamia seva, mwaka 2023. Tofauti ni kwamba msimbo uliokwisha kutolewa haurudishwi. Waliokataa masharti mapya ya Redis waliendeleza ule wa zamani kwa jina la Valkey. Sasa linganisha na Skype, iliyozimwa Mei 2025. Waliokuwa wakiitumia walielekezwa kwenye bidhaa nyingine ya mwenye nayo, na hapakuwa na msimbo wa kuondoka nao.

Kwa sababu hizo siwezi kumshauri mwenye steshenari na mkuu wa hospitali kitu kimoja. Wa kwanza atumie friwea anayoiamini, mradi asome kile kifungu cha matumizi binafsi. Wa pili anashika kumbukumbu za watu wengine, kwa miaka mingi kuliko umri wa kampuni nyingi za programu. Wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zinakusanya takwimu kwa DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Leseni yake hailipiwi. Seva zinalipiwa, mafunzo yanalipiwa, na wataalamu wa kuurekebisha wanalipwa mishahara, kila mwaka wa bajeti. Anayeuingiza akidhani amepata cha bure ataishia na mfumo usio na mtu wa kuutunza.

Kwetu mpinzani mkubwa wa programu huria si friwea wala za kulipia. Ni Office iliyochakachuliwa, inayowekwa na fundi pamoja na Windows kwa bei ya ufundi tu. Mteja haoni bei halisi, kwa hiyo haoni sababu ya kutafuta mbadala. Na akiijaribu LibreOffice, barua yake ikifunguliwa ofisini kwa mwajiri kwenye Word inaweza kuvurugika: jedwali limesogea, kurasa mbili zimekuwa tatu. Muundo wa ODF, ambao LibreOffice huutumia kuhifadhi faili zake, ulipitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006, lakini matangazo mengi ya kazi bado yanataka Word au PDF. Kwa CV, PDF inatosha, na LibreOffice inaitoa kwa kubofya mara moja. Kwa rasimu ya mkataba inayopita mikono minne ikirekebishwa njiani haitoshi, na hapo sina jibu zuri la kumpa kijana wa kaunta.