Gramu Mia Tano na Mteremko wa Tambach

Kundi letu la baiskeli hukutana Nakuru alfajiri ya Jumamosi kabla ya kuelekea Bahati, na siku hizi mazungumzo hayachelewi kufika kwenye magurudumu. Nani ameagiza kaboni, rimu zina kina gani (urefu wake kutoka ukingo wa nje kuelekea katikati ya gurudumu), jozi ina gramu ngapi. Vijana wawili tayari wamechukua mkopo wa kununulia. Nimeendesha ya kaboni na nimeendesha ya aluminiamu, na nasema wazi kwamba gramu, zinazotajwa kabla ya kitu kingine chochote, ndizo sababu dhaifu kuliko zote za kukopea pesa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Magurudumu ya aluminiamu yanayokuja na baiskeli ya mbio ya bei ya kawaida huwa na kilo 1.9 hadi 2 kwa jozi, bila taya (matairi). Ya kaboni yenye kina cha milimita 40 au 50 huwa na kilo 1.4 au 1.5. Tofauti ni nusu kilo, uzito wa ile chupa ndogo ya maji unayonunua kibandani ukiwa njiani. Sasa ipeleke hiyo chupa Tambach, upande nayo kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, zaidi ya mita 1,000 za kwenda juu. Kuinua nusu kilo kwa mita 1,000 kunahitaji joule 4,900 hivi. Mtu anayekanyaga kwa wati 250 huzitoa kwa sekunde 20. Mlima wenyewe utamchukua saa nzima au zaidi.

Wengine hujibu kwamba uzito wa rimu huhesabiwa mara mbili kwa sababu unazunguka. Ni kweli, lakini ni wakati wa kuongeza kasi tu. Ukianza kutoka kusimama hadi kilomita 36 kwa saa, ile nusu kilo, hata tukiihesabu mara mbili, inakudai joule 50. Kwa wati 250 hiyo ni sehemu ya tano ya sekunde moja. Kasi ikishatulia, mzunguko haukudai kitu zaidi.

Hata hivyo siwezi kumwambia mshindani kwamba sekunde 20 si kitu. Anayefika Iten nyuma ya kundi kwa sekunde 20 hapati wa kumkinga upepo tena, na mbio zake huenda zimeishia hapo. Kwake yeye nusu kilo ina thamani. Swali ni wangapi kati yetu tunashindana.

Hoja ya upepo ina nguvu zaidi. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka kwa mchemraba wa kasi, kwa hiyo kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa inakuwa mara nane. Hapo rimu ya kina kirefu, inayopitisha hewa bila kuivuruga sana, inakusaidia kwa kweli, na nimelisikia hilo miguuni kwenye tambarare za Kano kati ya Kisumu, Ahero na Awasi. Kuna mambo mawili lakini. Nakuru tuko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko pwani. Wati ambazo mtengenezaji anajivunia kwamba rimu yake inakuokolea, kama alizipima karibu na usawa wa bahari, hazitufikii zote. Jambo la pili ni upepo wa ziwa. Alasiri huvuma kutoka magharibi, na ukikata kusini Ahero kuelekea Katito na Sondu unakupiga ubavuni. Rimu ya mbele ya milimita 60 hugeuka tanga, na usukani unavutwa upande huku lori linapita. Mwendeshaji mwepesi wa kilo 55 asijaribu kabisa.

Kinachoniogopesha zaidi ni kushuka. Baiskeli na mtu wake wakiwa na kilo 84, kushuka mita 1,000 kunaachilia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu yake huchukuliwa na hewa. Inayobaki huingia kwenye breki, na barabara ya Tambach ina kona nyingi za kukulazimisha kufunga. Kama breki zako ni zile za kubana rimu, joto lote hilo linaingia kwenye rimu. Aluminiamu hulitawanya haraka. Kaboni hulishikilia pale pale pedi zinapobana, na resini inayounganisha nyuzi zake ikipita kiwango chake cha joto hulainika. Wakati huo taya inaisukuma rimu kutoka ndani. Mwenzetu mmoja alinunua jozi ya mtumba ya aina hiyo, akashuka nayo Subukia akiwa amebana breki mfululizo kwa hofu ya kasi. Alipofika chini kuta za rimu ya nyuma zilikuwa zimevimba, na tyubu ikapasuka akiwa ameshapunguza mwendo. Namshukuru Mungu ilikuwa ya nyuma. Mvua nayo ina yake: kaboni ikilowa, breki za kubana rimu huchelewa kushika, na katika nchi ya Kericho mvua ya alasiri si jambo la kubahatisha.

Breki za diski zimeondoa hatari hiyo, kwa kuwa joto huenda kwenye diski na rimu inabaki baridi. Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye breki za kubana rimu ni hapana, hata akipewa bure, maadamu anaishi kati ya miteremko hii. Kwa mwenye diski, tuendelee kuzungumza.

Tuzungumzie mashimo. Rimu ya aluminiamu ikigonga shimo hupinda, unaona kwa macho, na fundi yeyote wa Kondele au Nakuru mjini anaijua kazi ya kuirudisha kwenye mstari, hata kama haitakuwa kama mpya. Kaboni nzuri huvumilia mapigo mengi bila kupinda kabisa, na hilo ni sifa yake ya haki. Siku ikishindwa, hupasuka, na ufa wenyewe unaweza kujificha chini ya rangi. Mimi huigonga rimu kwa sarafu pande zote nikisikiliza: mlio ukibadilika na kuwa butu mahali pamoja, gurudumu hilo haliendi barabarani.

Halafu kuna rimu zisizo na ukingo wa ndani wa kushikilia taya, ambazo zinazidi kuuzwa. Mwisho wa shinikizo la hewa ndani yake ni baa 5, yaani psi 72, na zinataka taya za muundo wa kutotumia tyubu zilizoidhinishwa kwa rimu hizo. Sisi tumezoea kujaza psi 100 na kuendelea. Februari 2024, katika UAE Tour, taya ya mbele ya Mbelgiji Thomas De Gendt ilitoka kwenye rimu ya namna hiyo akaanguka, na huyo alikuwa na mafundi wa kulipwa.

Vijana watanitajia Kigali, Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani wa kwanza barani Afrika, ambako mabingwa walipanda vilima kwa kaboni tupu. Ni kweli, na nilifurahi kuona ardhi yetu ikipewa heshima hiyo. Lakini nyuma ya waendeshaji wale lilikuwepo gari lenye magurudumu ya akiba. Nyuma yetu, barabara ya Salgaa, kuna lori linaloenda Malaba.

Kwa wengi wetu, pesa za kwanza ningeziweka kwenye taya nzuri za milimita 28 na gurudumu la aluminiamu lililofungwa vizuri kwa mkono. Mwenye diski, anayeshindana na asiyekopa, achukue kaboni ya kina cha milimita 35 hadi 45, yenye ukingo wa kushika taya, na habu zinazotumia beringi na spoki za kawaida. Kabla hajalipa, aombe spoki za akiba za kila urefu, kwa maana gurudumu la nyuma mara nyingi lina urefu mmoja kulia na mwingine kushoto, na fundi wa hapa hawezi kukaza spoki ambayo hana.