Mizinga midogo ya Königsberg: Mjerumani alichemka au la?

Ukiingia Fort Jesus pale Mombasa utaikuta mizinga miwili ya zamani, mmoja wa manowari ya Mjerumani Königsberg na mwingine wa Pegasus ya Mwingereza, ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga inatengenezwa. Watu wengi wanaofatilia Vita ya Kwanza ya Dunia wanasema Mjerumani alichemka kuziwekea kruza zake nyepesi (manowari za mbio za ukubwa wa kati) mizinga yenye mdomo wa milimita 105 wakati Mwingereza alikuwa anahamia 152. Mi naona ni kweli ila nusu.

Tuanze na ukweli wao. Kombora la 105 lina kilo kama 17, la 152 lina kilo 45. Königsberg ilikuwa na mizinga 10 lakini kwa mpangilio wake inayoweza kupiga upande mmoja ni 5 tu, yaani mkupuo mzima hata kilo 90 haufiki, wakati kruza Sydney ya Australia nayo ilipiga na 5 kati ya 8, ila kilo 225. Na hayo yalionekana kwa macho kwenye visiwa vya Cocos, Bahari ya Hindi, tarehe 9 Novemba 1914: Emden, kruza nyingine ya Mjerumani iliyokuwa na mizinga kama ya Königsberg ndo iliyotangulia kulenga vizuri, ikamharibia Sydney mpaka vifaa vya kupimia umbali, lakini Sydney ikapoteza watu 4 na Emden zaidi ya 130. Mjerumani mwenyewe alikuwa ameshaliona hilo, kruza zake mpya za wakati wa vita zikaanza kubeba 150.

Sasa upande wa pili. Enzi zile hakuna rada, umbali unapimwa kwa darubini maalumu, afu afisa anakaa juu ya mlingoti anaangalia maji yaliporuka, yameruka mbele ya shabaha au nyuma, ndo anaagiza ongeza au punguza. Kombora la kilo 17 mtu analipakia kwa mikono haraka haraka, kwa hiyo ukishapata masafa, yaani umbali kamili wa adui, unamwagia adui mvua asipate nafasi ya kujipanga. Pegasus ilikufa hivyo, makombora yake yalikuwa yanaangukia majini tu kabla hayajafika. Tatizo ni ule mda wa kutafuta masafa, hapo asiyeona hata awe na mzinga mkubwa kiasi gani anapoteza risasi.

Na ushahidi wangu mkubwa uko Rufiji. Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey, meli mbili za kivita za Mwingereza, kila moja ina mizinga miwili ya 152, ziliingia kwenye delta zikafyatua makombora zaidi ya 600 kwa Königsberg iliyojificha nyuma ya mikoko, hazikuimaliza, na Königsberg yenye "vibunduki" vyake ikaulemaza mzinga wa mbele wa Mersey na kuua mabaharia, kwa sababu ilikuwa na watu wake nchi kavu wanaoiangalizia makombora yanapoangukia. Siku tano baadaye meli zile zile zikarudi na mizinga ya ukubwa ule ule. Ndege kutoka Mafia ilikuwepo hata mara ya kwanza, ila meli mbili zilipiga pamoja vipimo vikachanganyika; safari hii zilipiga kwa zamu, ndege ikawa inasahihisha kwa redio, Severn ikapata masafa, na hata ndege ilipopigwa ikaangukia mtoni ilikuwa imeshatoa vipimo vya kutosha. Kapteni Looff wa Königsberg akailipua meli yake mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza mi, 105 ilikuwa ndogo kwa kruza ya bahari kuu, hilo silibishii, ila kilichoiua Königsberg ni jicho la angani ambalo yenyewe haikuwa nalo. Mizinga yote 10 ilitolewa majini, ikatengenezwa Dar es Salaam, mingine ikafungwa magurudumu ikavutwa porini na kina babu zetu wapagazi, na huko nchi kavu ile iliyoitwa midogo ikawa ndo mizito aliyokuwa nayo Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki. Mmoja ukafungwa kwenye Götzen kule Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo tunaiita Liemba.