Bingwa Hakopeshwi

Nimenyimwa mafuta ya kupikia, Julai hii ya 2022, kwa kosa la kuwa bingwa wa nchi. Siyo kwamba hayakuwepo. Yalikuwepo, dumu la lita 20 limekaa nyuma ya Mangi, mwenye duka letu la mtaani na mtu wa Simba. Dumu jipya, mfuniko haujachafuka bado. Na siyo kwamba mimi sikopesheki. Mimi ni mkopaji wa siku nyingi, nina ukurasa wangu peke yangu kwenye daftari lake, wakati wengine hapa mtaani wamebananishwa wawili wawili. Nimenyimwa kwa sababu Yanga imebeba ligi, ikabeba na Kombe la FA, na mimi ni Yanga. Basi.

Sasa nauliza, tulikuwa tunashinda ili iweje?

Miaka minne nimeinamisha kichwa hapa Ngarenaro, Arusha. Simba 2018, Simba 2019, Simba 2020, Simba 2021, mpaka nikawa napita njia ya uchochoroni kwenda kazini, ile yenye mbwa wakali, maana mbwa hawana timu. Msimu huu Mungu akatukumbuka. Mechi 30 za ligi, hakuna aliyetufunga. Pointi 74, Simba wa pili ana 61. Ubingwa wa 28. Halafu fainali ya FA, sisi na Coastal Union ya Tanga, ikaletwa hapa hapa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Julai 2, kombe likaja mjini kwetu kama mgeni wa posa. Nikasema sasa na mimi nitapita barabara kubwa, kifua mbele, hatua za mstaafu mwenye kiinua mgongo.

Thubutu!

Konda wa kifodi akiona jezi ya njano anasema mabingwa wasimame, viti ni vya wafiwa. Kinyozi wangu amenyoa kichwa kizima bila kusema neno, na mtu akikunyamazia huku ameshika wembe shingoni kwako, furaha yote inakauka. Mimi ni seremala. Kuna mteja ana kitanda changu cha tano kwa sita hajamaliza kulipa, nikimpigia anasema namzomea. Kumdai mtu wa Simba siku hizi ni uchochezi.

Yote hayo nimeyameza. La Mangi ndilo limenikaba.

Nimefika pale juzi jioni, ile saa ambayo kila nyumba imetuma mtoto chumvi. Baridi ya Julai mnaijua, mlima ulishajifunika zamani. Jezi nimeivaa ndani ya koti, kwa adabu tu, imechungulia kola. Nikasalimia vizuri.

"Mangi, habari za jioni?"

"Nzuri, bingwa."

Hapo ndipo ningeshtuka. Miaka yote Mangi ananiita jirani.

"Nipimie mafuta, nusu lita. Utaandika."

Akaacha kupima mchele wa dogo aliyekuwa mbele yangu, nusu uko kwenye mizani, nusu kwenye mfuko. Akajifuta mikono. Akatoa daftari chini ya meza, lile jeusi lenye mgongo mwekundu, akalamba kidole, akafungua ukurasa wangu, akaanza kusoma kwa sauti. Nondo za dirisha katikati yetu, yeye hakimu, mimi mshitakiwa, nyuma yangu wananchi wenye chupa tupu.

"Aprili 2018. Erasto Nyoni wetu anawafunga. Unga kilo mbili."

"Mangi, si lazima..."

"Februari 2019. Meddie Kagere. Sabuni mche mmoja, chumvi." Akalamba tena kidole. "Machi 2020. Morrison wenu anatufunga, ile faulo. Hapa sioni kitu. Siku hiyo ulilipa taslimu, ukaniachia na chenji, ukaniambia nikanunue karanga."

Watu wakaanza kucheka. Na mimi nikacheka, ya uongo.

"Julai 2020." Hapa alitulia kidogo, nikaona kabisa anaionja. "Tuliwapiga nne moja. Aisee! Siku hiyo ulichukua sukari, majani, mchele, mafuta lita nzima na mshumaa. Umeme ulikuwepo, lakini ulitaka mshumaa. Nikamwambia mama watoto, mpe huyu mtu chochote anachotaka, asije akatuletea jambo hapa mtaani."

"Nilikulipa."

"Ulilipa. Julai 2021, Kigoma, Taddeo Lwanga, dagaa na nyanya ya kopo. Umelipa pia. Sikudai, nataka tu uone utaratibu wa duka. Mimi watu wa Yanga nawakopesha kwa huruma. Mnafungwa, mnakuja hapa nyuso zimewashuka, roho inaniuma, naandika. Sasa msimu huu niandike kwa lipi?"

Nikamwambia aandike kwa kuwa petroli imevuka elfu tatu, nauli imepanda, na mbao nazo siku hizi unazinunua kwa kuangaliana na muuzaji mpaka mmoja alie. Akasema hayo ni ya wote, na kwamba hata yeye, ambaye Simba yake ilitolewa na Orlando Pirates kwa matuta Afrika Kusini, hajaenda kukopa popote. Bibi mmoja nyuma yangu, amekuja kununua kiberiti tu, akasema Mangi ana hoja.

Basi nikabadilisha utetezi. Kama kinachotakiwa ni huruma, huruma ninayo.

"Mangi, hatukushinda kihivyo. Na nyie kwenye ligi tumetoka bila bila Desemba, bila bila Aprili. Mtu anafurahia nini hapo?"

Akafunua. "Desemba, suluhu, sukari nusu kilo. Aprili, suluhu, sukari nusu kilo. Nilitoa nusu nusu. Haki ilitendeka."

"Rivers United! Wametufunga moja kwa Mkapa, moja kwao Nigeria. Ligi ya Mabingwa tumetolewa Septemba, ligi yetu hata haijaanza."

"Septemba 2021," akasoma bila kuinua macho. "Rivers United. Majani ya chai na maandazi matatu. Hiyo ulishaitumia."

"Mayele!" Sasa nilikuwa nimeshika nondo kwa mikono miwili. "Mayele wetu kafunga 16. George Mpole wa Geita Gold kafunga 17. Goli moja, Mangi! Mtu ametetema kila akifunga, msimu mzima, nchi nzima imetetema, mpaka maharusi wanatetema kanisani, halafu ufungaji bora unakwenda Geita!"

Nikaona amelegea. Bibi wa kiberiti akasema, "Maskini, Mayele." Dogo wa mchele akaanza kutetema pale pale, mikono mbele, kichwa chini, mfuko wa mchele unamwaga punje kwenye vumbi, na hakuna aliyemkemea. Mangi akalitazama dumu. Akaokota chupa yangu. Akaingiza mpira wa kunyonyea mafuta dumuni, nawaapia, nikayaona yanapanda kwenye ule mpira, ya njano, mazito kwa baridi. Nikasema huyu sasa ni wa kumalizia.

"Na ile fainali hapa Amri Abeid? Mimi nilikuwepo. Sopu wa Coastal peke yake katupiga tatu. Tatu! Dakika 120 zinaisha tatu tatu, tumeponea kwenye matuta. Ile siyo kushinda, Mangi. Ile ni kubahatisha."

"Nani amebahatisha?"

Sikuhitaji kugeuka. Sauti ya mweka hazina wa tawi letu naijua, ndiyo iliyotangaza michango miaka yote minne ya ukame. Alisimama nyuma ya bibi, jezi, kofia, skafu, na kitabu cha stakabadhi kwapani. Huyu mtu sijui huwa analala na kile kitabu.

"Matuta nne moja," akasema taratibu, "wewe unaita kubahatisha? Tena dukani kwa mtu wa Simba?"

Nikamweleza kwamba hili ni suala la mafuta, halihusiani na imani. Hakusikia. Akasema kumbe ndiyo maana tulikaa miaka minne bila ubingwa, watu wa aina yangu wako ndani wanaoza polepole. Akafungua kitabu. Mchango wa sherehe ya ubingwa nilikuwa sijaumaliza, akauandika wote, akaongeza faini ya kauli. Faini ya kauli! Nikamuuliza ipo kwenye katiba gani, akaniambia imeanza sasa hivi. Kalamu yake ikagoma, na Mangi, Mungu anamwona, akampa ya kwake. Halafu akarudisha mafuta yangu dumuni. Mpaka tone.

Jamani. Mimi sijacheza. Naomba nieleweke. Sijasajiliwa, sina namba, posho ya ushindi sijaiona. Diarra anadaka, Bangala anakaba, Aucho anagawa, Feisal anawafunga Simba kule Mwanza kwenye nusu fainali, na anayelipa ni mimi! Timu ikifungwa nalala na aibu lakini nimekula. Ikishinda nalala na heshima na maji ya kunywa. Huyu kocha wetu Nabi alivyokuwa anawafundisha vijana kutofungwa msimu mzima, hakuwaza hata siku moja kwamba kuna watu wana madaftari? Ngao ya Jamii ni Agosti, sisi na Simba tena, na usiku ule nilijikuta kitandani napiga hesabu: tukifungwa moja, unga, tukifungwa mbili, unga na mafuta, tatu, naweza hata kugusia mchele. Mtu mzima, mwenye kadi ya uanachama!

Faini nimelipa kwa simu. Tozo juu yangu.

Halafu kuna hawa wapya. Yupo mmoja hapa mtaani mpaka Krismasi alikuwa mwekundu hadi mapazia. Leo ana jezi tatu, ya nyumbani, ya ugenini na ya kwendea kazini, na Jumapili amenisimamisha kunifundisha kwamba Yanga ilianzishwa 1935. Kanifundisha mimi! Siku ya fainali alikaa jukwaa la kivuli, anawapungia watu mkono. Mimi nilisimama upande wa vumbi na mzee mmoja aliyekuwa ananiuliza matokeo kila dakika tano huku mpira tunauangalia wote. Na huyo mpya, nimesikia, Mangi anamkopesha. Anasema bado ana uchungu wa kuhama.

Nyumbani nako hakuna kimbilio. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na kaka yake alikuja na basi la mashabiki wa Coastal Union kuangalia hiyo fainali. Basi lilirudi. Yeye hakurudi. Yuko sebuleni, amejifunika blanketi langu na juu yake koti langu la kazini, anasema baridi yetu imemwingia gotini na kwamba Sopu hakutendewa haki, mtu anafungaje matatu kwenye fainali halafu anaondoka bila kombe. Kila jioni ananihadithia 1988, mwaka ambao Coastal walichukua ubingwa wa ligi, na anahadithia polepole, mchezaji mmoja mmoja, kwa kasi ile ile ya chungu kilichoko jikoni, kikiiva na yeye anamaliza.

Juzi anataka samaki. Wa kukaanga. Nimerudi na chupa tupu, mke wangu akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Na ulivyo bingwa?"

Nimejaribu kugusia habari za nauli ya kwenda Tanga, kwa mbali sana, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mke wangu akanivuta jikoni akaniambia mfiwa hafukuzwi. Nikamuuliza mfiwa wa nini, wamefungwa matuta tu! Akasema tena nipunguze sauti, anasikia, na chai yake haijapata tangawizi. Kwa hiyo mimi, Yanga, bingwa mara mbili kwa msimu mmoja, natwanga tangawizi ya Coastal Union.

Na geti letu limeshaandikwa namba ya anwani, rangi imechuruzika mpaka chini, na mwezi ujao ni sensa. Ukilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, unahesabiwa hapa. Jana nimemsikia shemeji akimuuliza dada yake, kwa upole kabisa, kama karani atataka kitambulisho au anachukua jina tu.