Useme kansa tu, au useme na njia yake?

Mwaka jana niliombwa nikatafsiri kwenye kibaraza cha kanisa moja huko Katwe, mtaa wa Kampala, siku ambayo basawo, yaani wahudumu wa afya, walikuja na chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa kwenye mlango wa tumbo la uzazi. Musawo aliongea Kiganda, mimi nikawageuzia kwa Kiswahili akina mama Wakongo waliokaa upande wa kulia na mabinti zao. Nikasema kama nilivyozoea kusikia redioni: "Hii ni chanjo ya kansa ya shingo ya kizazi." Mama mmoja akajishika shingo, kisha akamwinua binti yake kidevu kumwangalia kooni. Aliyekaa nyuma yake hakungoja. "Kizazi? Munataka kufunga kizazi ya batoto yetu?" Akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Tangu siku hiyo neno lile halijanitoka. Kizazi ni tumbo la uzazi, ni uwezo wa kuzaa, na ni wana na wajukuu wenyewe. Kufunga kizazi, kila mtu anajua maana yake. Yule mama alikisikia Kiswahili vizuri kuliko mimi niliyekitamka.

Na kilichoondoka naye pale ni kitu kikubwa. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanasema karibu wanawake 7,000 wa Uganda hupatikana na kansa hii kila mwaka, na zaidi ya 4,000 hufa. Wengi hufika Mulago, kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda, ugonjwa ukiwa umeshaenea. Aina mbili tu za kirusi cha HPV, ile ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya kansa hizo, na chanjo inazikinga zote mbili. Huko Uskoti, utafiti uliotoka Januari 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa kansa hii miongoni mwa wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Hapa kwetu chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015, bure, kwa wasichana wa miaka 10.

Basi mzazi aambiwe nini? Hapo ndipo watu wanaofanya kazi hii mitaani wanapogawanyika.

Wapo wanaosema: taja kansa, basi. Usitaje kwamba kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana. Nimewasikiliza, na siwezi kusema hawana hoja. Musawo ana dakika chache, jua linawaka, kisanduku cha chanjo lazima kibaki na baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mbele yake kuna baba aliyemleta binti wa miaka 10 ambaye bado anacheza dulu, yaani gololi, na wenzake. Ukitamka ngono katika sentensi ya kwanza, baba anasikia unamtuhumu mtoto wake, au unamfungulia njia. Mchungaji naye akisikia, kibaraza hamtakipata tena. Halafu kuna jambo ambalo wanaoishi na wakimbizi wanalijua. Baadhi ya akina mama hao walitoka Kongo na majeraha ambayo hawajamsimulia mtu, na kuwazungumzia ngono na mabinti zao mbele ya umati kunaweza kuyatonesha. Mhudumu mmoja wa afya wa kijiji, VHT, mwanamke mzima ninayemheshimu, aliniambia: "Mwanangu, kwanza mtoto achanjwe. Maelezo mengine yatakuja."

Tatizo ni kwamba maelezo mengine hayaji, na mzazi hakai na swali bila jibu. Anarudi nyumbani akijiuliza: kama ni kansa, mbona mimi mkubwa sipewi? Mbona wasichana tu, kaka yake hapana? Mbona miaka 10? Maswali haya matatu yana jibu moja, nalo ndilo lile lililofichwa. Kirusi kinapita kwa kujamiiana, chanjo inakinga lakini haiponyi, kwa hiyo inafaa impate mtoto kabla hajakutana nacho. Na kwa kuwa kansa ya aina hii inamwua mwanamke, dozi chache zilizopo zinaelekezwa kwa wasichana kwanza. Ukiliondoa jibu hilo, uvumi una jibu lake tayari. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyopewa wanawake ilikuwa na kitu cha kuwazuia kuzaa. Serikali ya huko ilikanusha, lakini neno lilikuwa limeshavuka mpaka. Mpaka leo ukisema "wasichana" na "sindano" pamoja, kuna mtu atakukumbusha.

Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayofuatilia usalama wa chanjo ilipitia suala hili mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zikiwa zimeshasambazwa duniani, na haikuona ushahidi kwamba chanjo ya HPV inaleta utasa. Tafiti nyingi pia zimewalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa na kukuta kwamba chanjo haimfanyi msichana aanze mapenzi mapema. Lakini utamjibuje mzazi hofu ambayo wewe mwenyewe umekataa kuigusa?

Mimi niko na wanaosema yote, ila kwa mpangilio. Siku hizi nikitafsiri sisemi tena shingo ya kizazi. Nasema: "Chanjo ya kulinda tumbo la uzazi la binti yako, lisipatwe na kansa akiwa mtu mzima, aweze kuzaa akipenda." Kisha, na wakubwa peke yao, watoto wakiwa pembeni: kirusi chenyewe kinapatikana katika tendo la ndoa, wanaume wanakibeba bila kujua, na mke aliyetulia nyumbani anaweza kukipata kwa mume wake. Sentensi hiyo ya mwisho inawanyamazisha watu kidogo, halafu vichwa vinaanza kutikisika. Na lazima useme kwamba HPV siyo VVU. Wengi wakisikia herufi hizo wanadhani mtoto anachomwa kitu cha UKIMWI.

Sitaki nijidanganye kwamba maneno peke yake yatatosha. Mpango huu uliegemea shule, hasa darasa la P4, yaani la nne la msingi, na mashambani shule ni moja na mwalimu anawajua wote. Katika mitaa ya Kampala kama Katwe, Bwaise au Kisenyi, shule nyingi ni za binafsi, nyingine ni vyumba vitatu nyuma ya duka. Msichana wa miaka 10 anaweza kuwa P2, au nyumbani akiuza ndizi, au kodi imewashinda wakahamia zoni nyingine. Ratiba tuliyoanza nayo ilitaka dozi mbili, miezi sita katikati. Miezi sita mtaani ni mirefu mno! Shule zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, hata kamba hiyo moja ilikatika. Ndiyo maana nilifurahi Shirika la Afya Duniani liliposema Desemba 2022 kwamba dozi moja inaweza kutosha. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwa jirani zetu wa Thika, Kisumu na Nairobi.

Wengine wanataka sheria ya chanjo ya mwaka 2017 itumike, inayoweza kumfunga mzazi. Kwa mkimbizi anayeogopa kila mwenye karatasi na kalamu, hiyo ni sababu ya kumficha mtoto chini ya kitanda.

Yule mama wa Katwe alirudi baada ya wiki mbili, safari hii kwenye kituo cha afya, na binti yake. Jirani alikuwa amemweleza kwa Kiswahili chao. Mtoto alichomwa bega la kushoto, akakunja uso, akapewa kadi. Mama akaikunja, akaiweka ndani ya kitambaa alichofungia pesa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yeye amechelewa. Nikamwambia chanjo si yake tena, lakini kuna kipimo: wanapaka siki nyepesi, wanaangalia kama kuna mabadiliko, na wakiyaona mapema wanayatibu kabla hayajawa kansa. Aliuliza kama anayepima ni mwanamke. Kisha akauliza ni siku gani.