Pensheni ya Uingereza inagandishwa, sasa mtu arudi Kenya kuzeekea ama abaki?

Watu wetu waliokwenda Uingereza miaka ya 80 na 90, wakafanya unesi, wakaendesha mabasi, wakalea wazee wa wenyewe, sasa umri umewafikia nao na wengi wanataka kurudi, nyumba Kilifi ama Nyali, jua, samaki wa kupaka. Uraia si shida tena kwa Mkenya, katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha (Mtanzania bado anahangaika). Shida ni pesa. Ukihamia Kenya pensheni ya serikali unalipwa, lakini inaganda palepale, hakuna nyongeza ya kila mwaka.

Yaani aliyeanza kulipwa pensheni mpya kamili (ya mfumo ulioanza 2016) mwaka huohuo akiwa Mombasa alipewa pauni 155.65 kwa wiki na mpaka leo ni hiyohiyo, mwenzake aliyebaki Birmingham 2025/26 alikuwa kwa 230.25, na wote walikatwa mshahara miaka ileile. Karibu pauni 75 kila wiki jamani, kuna dada wa kazi wengi tu hawapati hiyo kwa mwezi! Na angehamia Jamaica, Mauritius ama Ufilipino angeongezewa kama kawaida, sababu hizo nchi zina mkataba na Uingereza wa nyongeza hiyo, sisi hatuna.

Serikali yao nayo ina hoja, kwamba makato ya leo yanalipa wazee wa leo, hakuna akiba iliyowekwa kwa jina lako, na nyongeza inafuata maisha ya kule si ya Mombasa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakubalia 2010. Sawa, lakini mbona aliyehamia Florida anaongezewa? Hapo mimi sijashawishika.

Ila tusidanganyane, hizo 155 hata zikiganda Kilifi zinakwenda mbali kuliko Leeds, na shilingi imeshuka tangu 2016 kwa hiyo pauni ileile inaleta shilingi zaidi, ingawa unga na stima navyo havijakaa kungoja. Kinachonitia hofu mimi ni hospitali. Ukihama kabisa, matibabu ya bure ya NHS, yaani hospitali za serikali ya kule, unayaacha, ukija kutembea ukalazwa unaweza kupewa bili. Huku kuna SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na bima ya praiveti kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha, wee uliza bei kwanza.

Kwa hiyo mwenye afya na nyumba yake imeshakwisha kujengwa, arudi tu. Mwenye figo ama sukari ya kujidunga, kabla hajauza nyumba ya kule, akae huku miezi kadhaa ananunua dawa kwa pensheni hiyohiyo aone kama inatosha.