Kiti cha Ed Schultz Bado Kitupu

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Minneapolis. Chumba chetu cha mapumziko kina televisheni juu ya friji, na haizimwi. Tuna nusu saa ya kula, basi kila usiku nakula wali wangu wa kupasha huku nikitazama habari za kebo. Miaka yote hiyo nimeona pale wanasheria, majenerali wastaafu na wachambuzi wa kura za maoni. Mtu anayegeuza wagonjwa kitandani saa tisa usiku, au anayeendesha lori, namwona kwa nadra mno. Akitajwa, anatajwa kama kura: "wapiga kura wa tabaka la wafanyakazi" watamchagua nani.

Nilipofika Marekani mwaka 2010, kaka aliyenipokea alikuwa hakosi kipindi cha Ed Schultz kwenye MSNBC, kituo cha habari cha kebo. The Ed Show ilianza Aprili 2009. Ed alikuwa bonge la mtu mwenye sauti nzito, aliyejipatia jina kwenye redio huko Fargo, North Dakota, tena mwanzoni akiwa mhafidhina. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, lakini yeye nilimwelewa. Alizungumzia mishahara, pensheni na viwanda vinavyofungwa, na alivizungumzia kama mtu aliyekasirika kweli.

Februari 2011, gavana wa Wisconsin, Scott Walker, alileta muswada wa kuwanyang'anya watumishi wengi wa umma haki ya kujadiliana mikataba ya hali bora kupitia vyama vyao vya wafanyakazi. Ed alihamisha kipindi hadi Madison, mji mkuu wa jimbo hilo, kwenye baridi ile, katikati ya umati. Wazima moto, ambao muswada haukuwagusa, walikuja kusimama na walimu. Mwalimu aliulizwa swali akajibu mwenyewe, pumzi ikimtoka kama moshi. Muswada ulipita Machi, na mwaka uliofuata Walker akashinda kura ya kumng'oa. Wafanyakazi walishindwa. Ila mimi mgeni nilijua wameshindwa nini, kwa sababu walionieleza ndio waliokuwa wananyang'anywa.

Mwaka 2012 alikwenda Freeport, Illinois. Kiwanda cha Sensata, kampuni iliyokuwa mikononi mwa Bain Capital, kampuni ya uwekezaji, kilikuwa kinahamishia kazi China, na wafanyakazi walitakiwa kuwafundisha wale watakaochukua nafasi zao. Walipiga mahema mkabala na kiwanda, kambi wakaiita Bainport. Wakati huo Mitt Romney, mwanzilishi wa Bain, alikuwa anagombea urais, kwa hiyo kamera zilikuwa na sababu ya kufika. Lakini Ed aliwaacha wale mama waongee.

Julai 2015 kipindi kikafutwa. Watazamaji walikuwa wamepungua, hilo ni kweli, na kituo kilitaka kurudi kwenye habari kuliko maoni. Ed mwenyewe alisema baadaye kwamba wakubwa wake walimzuia kurusha uzinduzi wa kampeni ya urais ya seneta Bernie Sanders mwaka huohuo. Akahamia kituo cha RT America, kilichogharamiwa na serikali ya Urusi, na hilo liliniuma. Mtu aliyewasemea wafanyakazi wa Wisconsin hakustahili kumalizia kazi yake pale. Alifariki 2018.

Kwa nini wafanyakazi hawasikiki kwenye televisheni? Watu husema ni wenye mali tu: kampuni ya kebo ya Comcast ilichukua udhibiti wa NBCUniversal, iliyomiliki MSNBC, Januari 2011, na bosi gani atalipia kelele za vyama? Mimi naona kuna zaidi. Mwaka 1983 mfanyakazi mmoja kati ya watano Marekani alikuwa kwenye chama cha wafanyakazi. Leo ni mmoja kati ya kumi hivi. Maana yake wanaopanga vipindi wamekua bila mjomba mwenye kadi ya chama, bila kuonja mgomo nyumbani kwao. Habari ya mkataba haiwashtui. Na bado watayarishaji wa MSNBC wenyewe walipiga kura kujiunga na chama mwaka 2021! Nyuma ya kamera wanajua kabisa umuhimu wake.

Sisemi wote wamenyamaza. Wapo watangazaji wanaoligusia jambo hili, tena kwa ufasaha. Ninachokililia ni kipindi cha kila jioni kinachoanzia getini kwa kiwanda na si Washington.

Septemba 2023 wafanyakazi wa viwanda vya magari, wa chama cha UAW, waligoma kwenye kampuni tatu za magari za Detroit kwa mpigo. Rais Biden alikwenda kusimama nao Michigan, na kamera zikamfuata. Usiku ule tulikuwa wanne mezani. Kwenye skrini mchambuzi alikuwa anaeleza mgomo utamsaidia nani kwenye uchaguzi, mwingine akaeleza bei ya magari itakavyopanda. Mwenzangu mmoja, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliweka kijiko chini akauliza, "Sasa hawa watu wanalipwaka ngapi kwa saa?"

Tukangoja wataje. Nusu saa yetu ikaisha, tukarudi wodini. Jibu nilikuja kulitafuta asubuhi kwenye simu: wa mkataba wa muda walikuwa wanaanzia dola 17 hivi. Ndizo tunazoanzia na sisi.