Bahari Shwari Inapomdanganya Rubani

Msimu wa tanga mbili, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika, kuna asubuhi ambazo maji ya ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, hutulia hadi mawingu yakaonekana ndani yake. Wa ufukweni atadhani ndege ya maboya, ile inayotua majini kwa vyelezo badala ya magurudumu, ingetua hapo bila taabu. Marubani wa ndege hizo huyaogopa maji ya namna hiyo.

Viwimbi ndivyo vinavyomwonyesha rubani amebakiza urefu gani. Visipokuwepo, mita kumi na mita moja kwake ni sawa. Akidhani amefika, huinua pua mapema, ndege ikapoteza mwendo hewani na kuanguka. Akidhani bado yuko juu, huyavamia maji kwa kasi, maboya yakazama kwa mbele na ndege ikapinduka.

Wanaomlaumu rubani kwa ajali hizi wana hoja nzito, kwa kuwa dawa inajulikana na hufundishwa. Asiyatafute maji kwa macho: aweke pua juu kidogo, aache injini ivute kiasi, ashuke polepole, takriban mita 45 kwa dakika, wala asibadilishe kitu hadi maboya yaguse. Ufuo ukiwa karibu, autumie kupimia urefu.

Lakini dawa hiyo inataka nafasi. Kutoka mita 30, kushuka hivyo huchukua sekunde 40, na kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa ndege itapita zaidi ya kilomita moja kabla ya kugusa. Dar es Salaam utaipata wapi? Langoni mwa bandari pantoni za Kigamboni zinavuka mchana kutwa. Msasani kuna upana, ila kuna ngalawa, boti na nyavu. Vyombo hivyo humsaidia rubani kukadiria urefu, na hivyohivyo humzibia njia. Aliyebanwa hurudi kubahatisha kwa macho, na hapo lawama namgawia pia aliyemchagulia mahali pa kutua. Ndege-boti, yaani ndege zinazoelea kwa tumbo lake, za shirika la Uingereza la Imperial Airways zilitua katika jiji hili tangu 1937, zikienda Durban, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Boti ikitangulia kupita, husafisha njia na kuyatibua maji hadi viwimbi vikaonekana.

Wengine wanataka nguvu ielekezwe kwa abiria, nami naegemea huko zaidi. Ndege iliyopinduka humwacha mtu kichwa chini, ndani ya maji. Mwaka 2019 Kanada ilitangaza kanuni za abiria wa ndege ndogo za majini kuvaa jaketi za kujiokolea, na marubani kufunzwa namna ya kujitoa kwenye ndege iliyozama. Wafanyabiashara watalalamikia gharama. Kwangu gharama hiyo ni ndogo, mradi abiria aelezwe asiijaze hewa jaketi akiwa ndani, maana itamnasa humo.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, Bukoba, wakafa watu 19. Haikuwa ya maboya, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Waliowahi kufika ni wavuvi. Anayeomba leseni ya kutua majini hapa aonyeshe kwanza boti yake ya uokoaji, na mlango ambao abiria anaweza kuufungua mwenyewe akiwa chini ya maji.